Kiota cha fundichuma hakibomolewi: ndege wa mwambao wa Mwanza na yanayosemwa juu yao

Ukikuta mkuyu ukingoni mwa ziwa umebeba furushi la vijiti kubwa kama kitanda cha mtoto, simama hapo kwanza. Ni kiota cha fundichuma, wengine humwita msingwe: ndege wa kahawia asiyetimiza uzito wa kuku mchanga wa kuchoma, mwenye kishungi kilicholala kuelekea kisogoni, hata ukimtazama kwa ubavu kichwa chake ni nyundo kabisa. Kuni siku hizi za kununua, mkaa ndio usiseme, na pale juu pana vijiti vikavu vya kupikia siku nyingi. Hakuna anayevigusa. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa anayebomoa nyumba ya fundichuma anajiitia radi, au balaa jingine ambalo msemaji hataki kulitaja. Imani ya namna hii imeenea sehemu nyingi za Afrika. Hata Wasan wa Kalahari, jangwa la kusini mwa Afrika, husimulia kwamba radi humpiga aliyejaribu kuiba kwenye kiota hicho.

Utazame ujenzi wenyewe. Dume na jike hufanya kazi pamoja. Huanza na jukwaa la vijiti kwenye panda ya mti, aghalabu tawi linaloelekea majini. Kingo za jukwaa huinuliwa kidogo kidogo mpaka liwe kama beseni. Kisha linafuata paa: vijiti vinachomekwa kimoja ndani ya kingine, vinashikizwa kwa tope na nyasi, na likikamilika mtu mzima anaweza kusimama juu yake lisibonyee. Mlango uko chini, ubavuni, upana wake sentimita 13 hadi 18. Kutoka hapo kuna njia ya sentimita 40 hadi 60 iliyosiribwa tope laini, inayoingia kwenye chumba kimoja. Kimoja tu, wanaosema ana sebule, chumba cha kulala na stoo wamempa utajiri asio nao. Vijiti vinaweza kupita 8,000, kazi huchukua wiki 10 hadi 14, na kiota kikubwa hufika upana wa mita moja na nusu. Paa nalo hupambwa: mifupa, kitambaa, mfuko wa plastiki, kipande cha wavu wa dagaa. Ukiona rangi ya buluu inaning'inia mtini ufukweni, usidhani ni upepo.

Jozi moja hujenga viota kadhaa kwa mwaka, hata wasipotaga. Kwa hiyo kila kiota unachokiona kina uwezekano mkubwa wa kuwa na mpangaji: bundi, kenge, kanu, nyoka, na mara nyingine bata bukini amelalia mayai juu ya paa. Sasa fikiria mtoto aliyepanda mti na kupeleka mkono kwenye tundu lenye giza. Fikiria pia mti wenyewe: mrefu, peke yake, ukingoni mwa maji, katika ukanda wa ziwa ambao ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi duniani. Mti huo kupigwa radi si ajabu hata kidogo. Wazee hawakukosea kuhusu hatari. Walichofanya ni kufupisha maelezo yote yakawa neno moja.

Mimi huzisoma hivyo imani za ndege. Imani ina vipande viwili: wapi na lini ndege anaonekana, na kwa nini. Kipande cha kwanza kimetoka kwa watu waliotazama miaka mingi, na mara nyingi kiko sahihi. Cha pili ndicho cha kupimwa. Anayekuja Mwanza kutazama ndege akakidharau cha kwanza kwa sababu cha pili kinachekesha, amejinyima kiongozi mzuri wa bure.

Chukua dudumizi. Kila mtu anajua kwamba akilia mvua inakuja. Sauti yake ni kama maji yanayomiminwa kwenye chupa yenye shingo nyembamba: du-du-du-du, inashuka, kisha mwishoni inapanda tena kidogo. Mwenyewe ni mgumu kumwona. Ana mgongo wa rangi ya matofali, mkia mrefu mweusi, jicho jekundu, na mstari mweupe juu ya jicho. Huruka vibaya na hupenda kukimbia ndani ya majani. Anakula panzi, vyura na makinda ya ndege wengine. Kiota chake ni mpira wa nyasi uliofichwa ndani ya majani mazito, na majani huwa mazito wakati wa mvua. Ndiyo maana hulia zaidi vuli inapokaribia, Oktoba, na tena kuelekea masika. Lakini dudumizi hulia pia alfajiri nyingi za kiangazi, na baada ya mvua anapokaa juu ya kichaka akianika mabawa. Kama unataka kujua iwapo uanike dagaa leo, usimtegemee. Kama unataka kujua kwamba msimu umeanza kugeuka, ana ushahidi wa kutosha.

Wa kuaminika zaidi ni korongo mweusi mwenye tumbo jeupe, yule mwenye ngozi ya buluu usoni na magoti mekundu. Huyu hazaliani kwetu. Huzaliana kaskazini, ukanda wa Sahel mpaka Sudan, wakati wa mvua za huko, na mara nyingi hujenga juu ya paa za nyumba za nyasi. Wenyeji humlinda kwa sababu kwao pia ndiye mleta mvua. Mvua za huko zikiisha husafiri kusini akifuata ukanda wa mvua na wadudu wanaoibuka nao, akatufikia Oktoba na Novemba kwa makundi ya mamia. Watu wa nchi mbili wanamwita mleta mvua, na wote wako sawa. Tofauti ni kwamba mvua ndiyo inayomleta yeye. Mtafute mashambani kuelekea Magu na Misungwi, si ufukweni, hasa kwenye shamba lililolimwa juzi.

Bundi ndiye anayeumizwa zaidi na sifa yake. Akitua juu ya bati na kulia, watu wanahesabu nani mgonjwa nyumbani. Anayepatikana sana karibu na nyumba na maghala ni yule mweupe mwenye uso wa umbo la moyo. Huyo hata halii kama bundi wa hadithi, hutoa mkwaruzo mrefu kama nguo inayochanika, na makinda yake hukoroma usiku kucha kama mtu aliyebanwa kifua. Ukisikia mkoromo huo kutoka darini saa nane za usiku bila kujua ni nini, hofu unayo haki nayo. Anafuata panya. Nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu huacha taa ikiwaka usiku, taa inaita wadudu, wadudu wanaita mijusi na popo, na bundi anakuja mahali penye mawindo. Kisha mgonjwa akifa, nani atamkumbuka bundi yule yule aliyetua mwezi uliopita kwenye nyumba isiyo na mgonjwa?

Ukitaka kujua anakula nini, usipande darini. Tafuta chini ya boriti au chini ya mti anapokaa mchana. Utakuta mabonge ya kijivu au meusi yenye ukubwa wa kidole gumba, ambayo ni manyoya na mifupa asiyoweza kuyeyusha, hivyo huyatapika. Loweka bonge moja kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa moja, lifumue polepole kwa sindano mbili, na upange mafuvu kwenye karatasi nyeupe. Meno ya mbele yaliyopinda ya rangi ya chungwa ni ya panya. Vaa glavu na uzibe pua, kwa sababu vumbi lake si la kuvutwa. Na usifanyie kazi hiyo meza ya kulia chakula, hata kama una haraka. Kwa mwenye ghala la mpunga, mafuvu hayo ni hoja bora kuliko hotuba yoyote ya kutetea bundi.

Marabu, yule korongo mwenye kipara na mfuko mwekundu shingoni, hahitaji kutafutwa. Anasimama Mwaloni Kirumba, soko la samaki, na kwenye madampo kama mzee wa baraza, urefu wake karibu mita moja na nusu. Mengi yanayosemwa juu yake ni kashfa. Mfuko si wa kuhifadhia nyama. Umejaa hewa, anauvimbisha anapotamba au anapotafuta mwenza. Miguu yake si myeupe. Ni ya kijivu cheusi, ila hujinyea makusudi ili unyevu ukikauka ubebe joto. Kipara kinamsaidia kutumbukiza kichwa ndani ya mzoga bila kuchafua manyoya. Huzaliana kiangazi, wakati mizoga ni mingi na maji yamepungua. Usiegeshe gari chini ya mti wake, basi.

Sasa mdiria wa madoa meusi na meupe, ambaye kwangu ndiye ndege wa Ziwa Victoria hasa, kuliko hata furukombe, tai mla samaki anayepigwa picha na kila mgeni. Keti juu ya jiwe, maji yakiwa tulivu, umtazame mmoja tu kwa nusu saa. Anatoka kwenye mwamba, anaruka chini chini, kisha anapanda mita kadhaa na kusimama hewani palepale. Mwili umesimama wima, mdomo umeelekea chini, mabawa yanapiga mpaka huyaoni vizuri, ila kichwa hakitikisiki. Kama kimegandishwa kwa gundi. Anashuka kidogo, anasimama tena, anapima upya. Kisha anadondoka. Akikosa, na hukosa mara nyingi, anajikung'uta hewani na kuanza upya. Akipata kitu kidogo anakimeza akiwa angani bila kurudi ufukweni, na hilo ndilo linalomwezesha kuvua mbali na nchi kavu, mahali ambapo mdiria wengine hawana pa kukaa. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani. Jike ana mmoja, na huo umekatika katikati.

Wagiriki wa kale walikuwa na kisa chao juu ya mdiria. Walisema Alcyone, aliyefiwa na mumewe baharini, aligeuzwa ndege huyo, na kwamba kila majira ya baridi kuna siku 14 bahari inatulia ili atage mayai kwenye kiota kinachoelea juu ya maji. Visiwa vya Ugiriki kweli hupata siku shwari katikati ya baridi. Kiota kinachoelea ndicho ambacho hakipo. Mdiria wa kwao na wa kwetu wote huchimba ardhini. Wa kwetu huchimba ukingo wa mchanga ulio wima, shimo la mita moja au zaidi, na mwishoni hutaga juu ya udongo mtupu. Ndiyo maana wachimba mchanga wa ujenzi humwathiri kuliko watoto wenye manati: ukingo ukiporomoshwa, koloni zima limekwisha. Ukiona matundu ya mviringo kwenye ukingo, tazama chini yake. Michirizi myeupe na magamba ya samaki maana yake tundu lina wenyewe. Buibui akiwa ametanda mlangoni, limehamwa.

Mlo wake nao ni historia ya ziwa. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na katika miaka ya 1980 akajaa Ghuba ya Mwanza akamaliza furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa, kwa wingi. Watafiti waliochambua mabonge anayotapika mdiria katika ghuba hii waliona badiliko lote pale: zamani mifupa ya furu, baadaye karibu dagaa watupu. Dagaa ni mwembamba, uzito wake ni mdogo kuliko furu wa urefu ule ule, kwa hiyo ndege analazimika kuvua samaki wengi zaidi kwa siku kupata shibe ile ile. Upande wa Kenya iligunduliwa jambo linalokaribiana na hilo. Jozi za mdiria za Ziwa Victoria hukubali madume wasio ndugu kuwasaidia kulisha makinda, wakati jozi za Ziwa Naivasha, ambako kuvua ni rahisi zaidi, huwafukuza. Shida humfanya mtu akaribishe hata mgeni asiyemjua, na ndege vivyo hivyo.

Mgeni mwingine ni mbayuwayu. Hufika Septemba na Oktoba, hujipanga kwenye nyaya za umeme kwa mamia, na kufikia mwisho wa Aprili wengi wameondoka. Ana gramu 20 hivi, na akitoka kwetu anavuka Sahara na bahari ya Mediterania. Hapa pana jambo linalonifurahisha kila Machi. Tarehe 1 ya mwezi huo, watoto wa Ugiriki na Kupro hufungwa mkononi uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja, na kwa desturi wengine hawauvui mpaka wamwone mbayuwayu wa kwanza. Kisha huutundika kwenye mti au kwenye waridi. Huku Mwanza ndio kwanza tunamwona akinenepa kwa wadudu wa ziwa, wale wanaoinuka majini kama moshi. Kisiwani Rhodes watoto walikuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba wakiimba wimbo wa mbayuwayu tangu zama za kale. Si kila ndege hupokelewa kwa wimbo huko, lakini. Kupro wapo wanaonasa ndege wadogo wanaohama kwa vijiti vilivyopakwa ulimbo wa tunda, ingawa sheria ilikataza tangu 1974. Anayejua ulimbo wa utomvu wa mkuyu hahitaji kuelezwa mtego huo unavyofanya kazi.

Kosa la kawaida hapa ni kumchanganya na mbayuwayu wa Angola, anayekaa ziwani mwaka mzima na kujenga chini ya madaraja na kwenye kenchi za maghala. Mgeni ana mkanda mweusi uliokamilika kifuani na tumbo jeupe. Mwenyeji ana wekundu unaoshuka zaidi kifuani, mkanda umekatika au haupo, na tumbo ni la kijivu kichafu. Ukihesabu mbayuwayu mwezi Juni ukaandika kwamba wa Ulaya hawajaondoka, umewahesabu wenyeji.

Kuhusu kwenda kutazama: anza saa 12 na nusu asubuhi na uwe umemaliza saa 4. Mji uko upande wa mashariki wa ghuba, hivyo asubuhi jua liko mgongoni mwako na rangi unaziona. Alasiri maji yote ni kioo, ndege wote ni vivuli. Mchana upepo wa ziwa huinuka, mawimbi yanatikisa mtumbwi, na darubini haisaidii. Darubini ya 8x42, yaani ya kukuza mara 8 yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha. Ya kukuza mara 12 kwenye boti itakuletea kichefuchefu kabla ya kukuletea ndege. Saanane, kisiwa kidogo, iko dakika chache tu kwa boti kutoka mjini. Iliwahi kuwa bustani ya wanyama tangu 1964, ikawa Hifadhi ya Taifa 2013, kilomita za mraba 2.18 zikiwemo za maji, na mawe yake ni kituo kizuri cha mnandi, furukombe na mdiria. Mnandi utamkuta amefungua mabawa kama aliyeanika shati: manyoya yake hulowa, jambo linalomsaidia kuzama, kisha inambidi ayakaushe.

Kingine ambacho wageni hawaambiwi ni kalenda ya mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hupumzika. Ukienda mwalo wowote, yaani ufukwe wanakoshushia samaki, siku za giza, mchanga umetandazwa dagaa, na mwewe, kunguru, yangeyange na marabu wako mezani. Ukienda mwezi mpevu utakuta nyavu juu na ufukwe mtupu, halafu uandike kwamba ndege wamepungua.

Na kama unakusanya yanayosemwa, usianze kwa kuuliza “mnaamini nini kuhusu ndege huyu?” Utajibiwa “hizo ni mambo za zamani,” na mazungumzo yamefungwa. Uliza, “Mzee, shikamoo, huyu akitua hapa kwenye mtumbwi, mnamfanyaje?” Mwachie aeleze anachofanya, sababu itakuja yenyewe. Tumia sauti kuliko picha, maana dudumizi wengi wanamjua kwa sikio, na ukiwaonyesha picha wanasema hawajawahi kumwona. Andika jina kama lilivyotamkwa, na lugha yake pembeni: Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kizinza. Jina moja likirudi kwa ndege watatu tofauti, usimsahihishe mtu. Uliza wanafanana wapi. Mara nyingi utaambiwa wote watatu hula kitu kimoja, au hufika mwezi mmoja.